Juu ya Kukubali au Kukawiza Mfumo Mpya wa Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bure marekebisho ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka tarehe 29 Julai 2015 na ambao kwa miaka 10 umeendesha kompyuta nyingi za kazi katika mji wetu wa Likasi. Na tangu siku hiyo swali moja limekuwa likimrudia kila mwenye mashine, awe mwalimu wa Panda, karani wa parokia, mwanafunzi anayemaliza tasnifu yake, au mama mwenye sekretaria ya kuchapa na kutoa kopi katika komine ya Kikula: je, aukubali mfumo mpya, Windows 11, unaojitangaza juu ya skrini kila asubuhi, au aukawize? Swali hili si la anasa. Katika mashine hizo zimo hesabu za maduka, barua za mahakama, matokeo ya mitihani, picha za jamaa waliofariki, na riziki ya watu ambao hawana mashine ya pili ya kukimbilia. Na jambo linalogusa riziki lastahili kupimwa kwa utulivu, wala haliamuliwi kwa kubonyeza kitufe cha kwanza kilichotokea mbele ya macho ili tangazo liondoke na kazi iendelee.

Mafundi vijana, ambao maarifa yao ni mengi na ushujaa wao ni mwingi zaidi, husema kuwa kipya daima ni bora. Na watu wazima wa maofisini, waliopata kuona faili zikitoweka, husema kuwa mashine inayofanya kazi haiguswi. Kila upande una sehemu yake ya haki, lakini pande zote mbili hubishana juu ya sifa za mfumo, na hali mfumo uleule waweza kuwa neema kwa mtu mmoja na msiba kwa jirani yake. Ninalomwomba msomaji ajiulize ni jingine: nikikubali leo na mambo yakaharibika, je, ninayo njia ya kurudi nilikotoka, na kazi yangu itasimama kwa muda gani kabla sijafika? Mwenye jawabu la swali hili amekwisha kumaliza nusu ya shauri. Asiye nalo, hata kama mfumo mpya ungekuwa mzuri kupita mifumo yote, wakati wake haujawadia, na shughuli yake ya kwanza ni kuitengeneza njia hiyo ya kurudi.

Yatupasa pia kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Liko sasisho dogo, ambalo Microsoft hulitoa kwa kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kazi yake ni kuziba nyufa ambazo wahalifu wangeweza kupenyea. Na liko toleo kuu, ambalo hubadilisha msingi wa mfumo wenyewe, sura yake, masharti yake juu ya mashine, na mara nyingine mapatano yake na printa na programu za zamani. La kwanza nalihesabu karibu na faradhi. La pili ni hiari, ingawa ni hiari yenye muhula. Mtu aliyechukizwa na toleo kuu, akafunga mlango wa masasisho yote kwa pamoja ili asisumbuliwe tena, amejidhulumu nafsi yake, maana amekataa ulinzi pamoja na mabadiliko.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana duniani kote mwaka 2017. Tarehe 14 Machi ya mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho dogo la kuziba ufa katika sehemu ile ya Windows inayoziwezesha kompyuta kushirikiana faili kwa njia ya mtandao. Sasisho lenyewe halikuwa na fahari yoyote, halikubadili rangi wala kitufe, na watu wengi sana hawakuliweka. Tarehe 12 Mei, kiasi cha miezi miwili baadaye, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipenya kwa ufa uleule, ikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai kwa kila mashine fidia ya dola 300 ilipwe kwa sarafu ya Bitcoin. Na huko Uingereza hospitali zilizopatwa ziliahirisha miadi ya wagonjwa na kuwapeleka wengine kwingineko. Takriban wote walioathirika walikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa ikihudumiwa. Kinga ilikuwapo, tena bure, ila haikuwa imewekwa.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuja mwaka uliofuata. Tarehe 2 Oktoba 2018 ilitoka Windows 10 toleo la 1809, na kabla ya wiki kwisha kampuni ikalazimika kulisimamisha, kwa sababu baadhi ya waliolikubali upesi walikuta hati na picha zao zimefutwa. Taarifa za msiba huo, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, zilikuwa kiasi cha moja katika kila 10,000. Lakini yafaa kutazama waliopatwa walikuwa akina nani. Walikuwa watu ambao, kwa kuwa diski yao kuu ni ndogo, walihamisha folda za hati na picha kwenda diski nyingine, huku faili chache zikibaki mahali pa kwanza. Toleo jipya likaidhania folda ya zamani kuwa nakala isiyo na kazi, likaifuta pamoja na vilivyomo. Hawakuwa wazembe, bali watu waliojitahidi kupanga vitu vyao. Toleo lililorekebishwa lilitolewa tena tarehe 13 Novemba, na aliyengoja wiki hizo sita hakupoteza chochote ila wiki hizo sita.

Ukiziweka habari hizi mbili pamoja utaona kwamba haraka na uzito, kila mojawapo ina mahali pake. Sasisho dogo lisikae kwako kupita wiki moja. Toleo kuu lililotoka jana liache miezi mitatu, hata sita, mpaka makosa yake yajulikane na watu wenye mashine nyingi kuliko wewe. Hata hivyo, sababu hii ya kungoja haimfai tena mtu aliyebaki na Windows 10, kwa kuwa Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na makosa yake ya mwanzo yamekwisha kujulikana; anayekawia sasa sharti awe na sababu nyingine, na sababu nyingine za haki zipo, nami nitazieleza.

Ya kwanza ni umeme. Mji wetu uko jirani na mabwawa ya Mwadingusha na Koni katika mto Lufira, na lile la Mwadingusha limekuwa likifua umeme tangu mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Lakini ujirani na bwawa haujapata kuwa dhamana ya taa katika nyumba, na kila mkazi wa Likasi amezoea kupanga siku yake akijua kwamba umeme waweza kuondoka bila idhini yake. Kwa hiyo yafaa kujua ni saa gani katika kazi ya kusasisha ambapo kukatika kwa umeme kunadhuru. Wakati faili za mfumo mpya zinashushwa kutoka kwenye intaneti, umeme ukikatika hakuna hasara kubwa, kwani kazi huendelea ilipoachia. Wakati zinatayarishwa nyuma ya pazia, nawe ungali ukiandika barua yako, hatari ingali ndogo. Hatari yenyewe huanza pale kompyuta inapojizima na kuwaka tena, na skrini ikabaki na asilimia zinazopanda polepole bila kitu kingine. Hapo mfumo wa zamani unaondolewa na mpya unaketishwa, na kukatika kwa umeme katikati, ijapokuwa Windows hujaribu kurudisha yaliyokuwapo, kwaweza kukuachia mashine isiyowaka kabisa.

Muda wa kipindi hicho hutegemea sana aina ya diski. Kompyuta yenye diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, yaweza kumaliza katika muda wa saa moja au karibu yake. Yenye diski ya zamani inayozunguka yaweza kuchukua saa nyingi, hata mwenyewe akakata tamaa na kuizima kwa nguvu, jambo ambalo ni baya kama kukatika kwa umeme wenyewe. Kwa mwenye laptopu, uthabiti wa betri uupime kabla: ichomoe kwenye umeme, ifanyishe kazi, utazame inashikilia dakika ngapi, maana laptopu nyingi zinazotufikia ni za mkono wa pili kutoka Ulaya, na betri zake nyingine hazina uhai wa dakika 20. Mwenye kompyuta ya mezani sharti awe na kisanduku cha betri cha kushikilia umeme, au inveta yenye paneli za jua, au jenereta yenye mafuta ya kutosha na mtu wa kuiangalia. Na miezi ya kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, ni mwafaka kuliko miezi ya mvua, ambapo radi za Katanga huangusha umeme bila taarifa na mara nyingine huunguza vifaa. Aliyeisubiri tarehe ya Oktoba ndipo aanze kujitayarisha alijikuta akianza kazi hii mlangoni mwa mvua.

Sababu ya pili ni mega. Toleo kuu la Windows lina uzito wa gigabaiti 5 au zaidi, na kwa anayenunua mega kidogokidogo kwenye simu kisha akaigawia kompyuta yake, huo si mzigo wa kubebwa bila kukusudia. Watu wengi wamepata kuona mega zao za wiki zikimalizika usiku mmoja wasijue sababu. Dawa yake ya kwanza ni kuuambia mfumo kwamba intaneti yako ni ya kipimo, mahali ambapo katika Windows ya Kifaransa pameandikwa connexion limitée, nao utaacha kushusha mizigo mikubwa bila ruhusa. Ya pili, nami naiona bora kwa mji kama wetu, ni ushirika: mtu mmoja mwenye intaneti nzuri, chuoni au ofisini na kwa ruhusa ya wenye ofisi, ashushe toleo zima mara moja kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, aliweke katika fleshi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa chombo kinachotolewa na kampuni hiyo, kisha fleshi hiyo ihudumie shule nzima, parokia, au sekretaria zote za mtaa. Kwa kompyuta zilizofungwa pamoja katika mtandao mmoja, Windows pia inayo ruhusa ya kuziachia zigawane kile ambacho moja imekwisha kushusha. Lakini fleshi na diski zinazouzwa tayari barabarani, zenye Windows iliyovunjwa kufuli, nakusihi usizikaribie kwa mashine ya kazi. Aliyeondoa kufuli la leseni hujui ameweka nini mahali pake, na mtu hawezi kutafuta usalama kwa kumfungulia mgeni asiyemjua mlango wa nyumba.

Baada ya umeme na mega, kila mtu atazame kazi yake. Mwanafunzi mwenye tasnifu asiguse toleo kuu mpaka awe ameikabidhi. Miezi ya mwisho ya masomo ni miezi ya kuandika, si ya kufanya majaribio ya mifumo. Mwenye sekretaria hali yake ni kinyume, na hapa nasema kwa msisitizo kuliko mahali pengine popote katika makala hii. Mashine yake hupokea fleshi za watu asiowajua kuanzia asubuhi hadi jioni, kila fleshi ikiwa imepita katika mashine nyingine ambazo hakuna anayejua hali zake, na virusi vinavyoingia kwake hutoka kwake kwenda kwa wateja wake wote. Mashine kama hiyo haina udhuru wa kubaki katika mfumo uliokwisha kuachwa. Kama anazo mashine mbili, aisasishe moja, aifanyie kazi wiki mbili nzima, ajaribu printa, skana na mashine ya kopi, ndipo aiguse ya pili. Na kama printa yake ni ya zamani, atafute kwanza katika tovuti ya mtengenezaji kama ipo programu ya kuiunganisha na Windows 11, kwa sababu sekretaria isiyotoa karatasi ni duka lililofungwa.

Na wako watu ambao jawabu lao ni la, tena la kauli moja. Katika mji unaoishi kwa shaba na kobalti ziko kompyuta ambazo hazikununuliwa kwa ajili ya kuandikia, bali zilikuja pamoja na mashine ya kupima kiwango cha madini katika sampuli, na programu ya mashine hiyo ilitungwa kwa Windows 7, au hata kwa XP, ambayo Microsoft iliiacha tangu tarehe 8 Aprili 2014. Vivyo hivyo katika zahanati na hospitali, kompyuta inayoendesha chombo cha eksirei au cha kutazama mimba. Chombo hicho huenda ni ghali mara mia kuliko kompyuta yake, na aliyekitengeneza huenda hatoi tena programu mpya. Kuisasisha kompyuta hiyo kwa sababu tu skrini imeomba ni kukihatarisha chombo kizima, na vipimo vikikosea, atakayedhulumiwa ni mchimbaji anayelipwa kwa kipimo hicho au mgonjwa anayetibiwa kwacho. Iache katika mfumo wake; lakini iondoe kabisa katika intaneti na katika mtandao wa ofisi, hamisha matokeo yake kwa fleshi moja isiyofanya kazi nyingine, fleshi hiyo ikaguliwe kwa antivirusi katika mashine nyingine kila itokapo, na nakala nzima ya diski yake itengenezwe na kuwekwa kabatini, kwa maana diski ya miaka 15 haitaishi milele. Kukataa toleo kuu bila kufanya haya si tahadhari.

Sasa nije kwenye njia ya kurudi. Nakala ya akiba ndiyo njia hiyo, na kanuni ya watu wa fani hii ni nakala 3 za kila kitu chenye thamani, katika vyombo vya namna 2, na mojawapo ikae mbali na nyumba. Umbali huo si lazima uwe wa mawinguni. Ndugu yako aliye Lubumbashi, kiasi cha kilomita 120 kutoka hapa, anaweza kukuwekea diski ndogo katika sanduku lake, na moto au mwizi wa Likasi hataifikia. Nakala ifanywe ya faili zenyewe, si ya njia za mkato zilizo juu ya skrini, kwani wengi hunakili alama wakidhani wamenakili hati. Usisahau vitu visivyokaa katika folda ya hati: faili za programu ya hesabu, ambazo mara nyingi zina mahali pake pa siri; anwani na barua pepe; maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari; na fonti au violezo ambavyo sekretaria imevikusanya kwa miaka. Kama diski ya mashine yako imesimbwa, uandike ufunguo wake wa kurejesha katika karatasi kabla ya kuanza, kwa sababu baada ya mabadiliko makubwa mashine yaweza kuudai, na asiyekuwa nao hubaki nje ya faili zake mwenyewe.

Kisha ijaribu nakala. Katika masoko yetu, kama katika masoko mengi ya Afrika, ziko fleshi zilizoandikwa gigabaiti 128 na hali uwezo wake wa kweli ni sehemu ndogo ya hizo. Hupokea kila unachozipa kwa ukarimu, kisha unapozidai amana yako hurudisha majina ya faili yasiyo na kitu ndani. Fleshi mpya ijaze mpaka juu, uifungue katika kompyuta nyingine, usome hati za mwanzo, za katikati na za mwisho. Nakala ambayo haijafunguliwa usiihesabu.

Huenda, baada ya maandalizi yote, mashine yenyewe haitakubaliwa. Windows 11 inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni ya kizazi cha 8 au baada yake, yaani kwa kawaida mashine ya mwaka 2018 au karibu na hapo. Na programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check itakuambia kwa dakika moja kama umo au humo. Mashine nyingi za mkono wa pili hazimo. Wapo mafundi wanaojua kuupita mlango huo kwa hila na kuweka Windows 11 palipokatazwa, na mashine ikawaka vizuri. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kudai masasisho, na kwa mwenye biashara naona ni kujenga juu ya kiwanja cha mtu.

Njia za halali ni tatu. Microsoft ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja ya marekebisho ya usalama kwa watu binafsi wenye Windows 10 toleo la 22H2, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kuhifadhi mipangilio yao katika akaunti ya Microsoft, au kwa pointi 1,000 za zawadi za kampuni hiyo, au kwa dola 30. Na mwenye mashine zake chache zenye afya bado asikose kuichukua, huku akijua kwamba amenunua muda tu. Njia ya pili ni kuhamia mfumo huria wa jamii ya Linux, na kwa aliyezoea Windows mimi humshauri Linux Mint: toleo lake la 22, lililotoka mwaka 2024, linahudumiwa mpaka 2029, halidai leseni, lina Kifaransa kamili, huja na LibreOffice inayofungua hati za Word, na, jambo lililonifurahisha kupita yote, laweza kuendeshwa kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, hata mtu akaonja siku nzima na kurudi katika Windows yake jioni kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa shule yenye chumba cha mashine 20 za mwaka 2013, sioni shauri lililo bora kuliko hili. Haliwafai wale ambao programu yao ya hesabu au printa yao haisemi ila na Windows, na hao nawaelekeza kwenye njia ya tatu, ambayo ni kuiacha mashine ifanye kazi ya kuandika tu, nje ya intaneti, mpaka fedha ya mashine nyingine ipatikane.

Niongeze neno moja la faraja kwa maskini wa mashine. Malalamiko mengi ya kompyuta kuwa nzito hutokana na diski inayozunguka, wala si mfumo. Na kuiondoa diski hiyo, ukaweka SSD ndogo, huleta wepesi ambao hakuna toleo kuu lililopata kuuleta. Mwenye fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, na mashine yake ingali ikipata marekebisho ya usalama, afanye hilo.

Juu ya simu nitasema machache. Toleo kuu la Android likiisha kuwekwa, kwa mtumiaji wa kawaida hakuna njia rahisi ya kurudi, na simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 huenda ikalemewa. Basi mwenye simu ndogo akubali masasisho ya usalama na akawize toleo kuu mpaka asikie habari za wenye simu ileile. Ila asikawie mpaka kuachwa: tangu tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi katika Android iliyo chini ya toleo la 5. Na wale wanaoogopa kuwa fedha zao za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money zitafutika pamoja na simu, wajue kuwa fedha hizo hazimo ndani ya simu. Zimeandikwa katika vitabu vya mtandao kwa jina la namba yako. Kitakachopotea ni picha, mazungumzo na namba za watu, na hivyo ndivyo vya kunakiliwa.

Siku ya kazi yenyewe, iwe ni Ijumaa jioni au Jumamosi kwa asiyeifanyia kazi, na si asubuhi ya Jumatatu wateja wakiwa mlangoni. Acha nafasi ya kutosha katika diski, chomoa printa na vifaa vyote vya nje, nayo diski ya nakala zaidi ya vyote, chaji betri mpaka ijae, kisha uanze, na usiondoke katika kipindi cha asilimia. Mfumo mpya ukikaa, ule wa zamani haufutiki papo hapo: hubaki katika folda iitwayo Windows.old, na kwa siku 10 waweza kurudi kwa kupitia mipangilio, mahali ambapo kwa Kifaransa pameandikwa Récupération. Siku hizo 10 ni za majaribio, wala zisipite katika kuusifu umbo jipya la menyu. Siku ya kwanza toa karatasi katika kila printa, fungua programu ya hesabu na ulinganishe salio na lile uliloliandika kabla. Siku zinazofuata jaribu skana, barua pepe, fleshi za wateja, hati ndefu yenye majedwali, na kila kazi inayofanywa mara moja tu kwa wiki, kwa kuwa hiyo ndiyo inayosahauliwa. Usiifute Windows.old kwa tamaa ya nafasi. Na kama ifikapo siku ya saba liko jambo la riziki yako ambalo halijafanya kazi, na fundi ameshindwa, rudi katika mfumo wa zamani siku ya nane umeme ukiwapo, usingoje ya kumi, maana siku ya kumi umeme waweza kuwa umekatika.